Kilti ya Mskoti kanisani: Vazi ni moja, heshima iko kwenye koti, soksi na mkoba

Mwanamume wa Uskoti anapojiandaa kwenda kanisani akiwa na kilti, kilti yenyewe huwa haimpi taabu. Mara nyingi anayo moja tu, aliyoshonewa ujanani au aliyorithi kwa baba yake, na ataivaa kwenye harusi, ubatizo na mazishi hadi uzeeni. Kinachomweka muda mrefu mbele ya kioo ni vitu vinavyoandamana nayo: koti gani, tai gani, soksi za rangi gani, na ule mkoba unaoning'inia mbele uwe wa ngozi tupu au wa manyoya na fedha.

Akikosea, hakuna atakayemfukuza kanisani. Lakini watu watajua. Kwenye harusi ataonekana kama anayeshindana na bwana harusi, na kwenye mazishi ataonekana kama aliyekuja kwenye dansi. Familia ya marehemu inaweza kusamehe mengi, ila hilo hulikumbuka.

Kwa wafanyabiashara wanaovusha mabelo ya nguo Namanga, Busia, Malaba na Mutukula, habari hii haiko mbali kama inavyoonekana. Wapo wenye ndugu na wateja wanaoishi Glasgow, Edinburgh na Aberdeen, ambao siku moja wataalikwa kanisani na kuombwa wavae kama wenyeji. Pia kila anayeuza nguo za ibada na sherehe atalitambua jambo hili: mteja hununua vazi kuu mara moja, lakini kwa vile vidogo vinavyolikamilisha hurudi mara kwa mara.

Kilti ni nini hasa

Wengi huku huiita sketi, na Mskoti huchukia kusikia hivyo. Kilti ni kitambaa kizito cha sufu chenye madraftidrafti, ambacho hujulikana kama tartani. Huzungushwa kiunoni, marinda yakiwa nyuma na pembeni, na mbele pakiwa bapa. Kitambaa cha mbele hupishana tabaka mbili, na ukingo wa tabaka la juu huishia upande wa kulia wa mvaaji. Hufungwa kwa mikanda midogo ya ngozi, kwa kawaida miwili kulia na mmoja kushoto.

Kilti kamili ya mwanamume hutumia yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya mita 7. Ndiyo maana ni nzito na bei yake huwa juu inaposhonwa kwa mkono. Fundi mzuri hupanga marinda kwa namna ambayo yakishalala nyuma, mchoro wa madrafti unajirudia kana kwamba kitambaa hakikukunjwa kabisa.

Urefu wake hauna mjadala mkubwa: uishie katikati ya goti au juu yake kidogo. Kipimo cha zamani kinafanana na ibada yenyewe. Mvaaji hupiga magoti, na ukingo wa chini haupaswi kugusa sakafu, bali ubaki juu yake kiasi cha inchi moja. Ikigusa, ni ndefu mno.

Koti ndilo linalotangulia kusema

Kosa ambalo wageni hulifanya zaidi ni kuchukua koti la suti ya kawaida na kulivaa juu ya kilti. Koti hilo ni refu. Hufunika sehemu ya juu ya kilti, hulalia mkoba wa mbele, na kumfanya mtu mrefu aonekane mfupi. Koti la kilti hukatwa fupi, na mbele hupinda kidogo ili mkoba uonekane.

Aina za makoti ni nyingi, lakini kwa mtu wa kanisani mbili ndizo za kuzielewa. La kwanza ni lile liitwalo Prince Charlie: jeusi, fupi, lenye kola inayong'aa na vifungo vya rangi ya fedha, linalovaliwa pamoja na kizibao na tai ya kipepeo. Kwa desturi hilo ni vazi la jioni, la karamu na dansi. La pili ni koti la mchana, ambalo wengi huliita Argyll. Hili halina mng'aro, mifuko yake ina vifuniko, na huvaliwa na shati jeupe na tai ndefu ya kawaida.

Ibada nyingi hufanyika asubuhi au mchana. Kwa hiyo koti la Jumapili ni la pili, na likiwa la twidi, ile sufu ngumu ya rangi za udongo, majani makavu na mawe, linafaa zaidi. Mfano wake huonekana kila mwaka kwenye kanisa la Crathie, karibu na kasri la Balmoral, ambako familia ya kifalme ya Uingereza husali ikiwa mapumzikoni. Mfalme Charles huenda pale akiwa na kilti, koti la twidi, tai ndefu na mkoba wa mbele. Mwenye uwezo wa kuvaa dhahabu mwili mzima akichagua twidi, mwenye duka anapaswa kuelewa ladha ya wateja wake.

Sheria nyingine ndogo ni ya mkanda. Mkanda mpana wa ngozi wenye bamba la chuma hupendeza juu ya kilti, lakini anayevaa kizibao hauvai. Ni kimoja kati ya viwili. Vikikutana, chuma husukuma kizibao na tumbo huonekana limevimba.

Mkoba wa mbele, soksi na viatu

Kilti haina mifuko. Ndiyo sababu ya mkoba wa mbele, unaoitwa sporani, ambao huning'inia kwa mnyororo au mkanda chini ya kiuno kwa upana wa kiganja hivi. Hapo ndipo hukaa funguo, simu na sadaka.

Sporani ziko za daraja tatu. Ya mchana ni ya ngozi tupu, nyeusi au ya kahawia, labda na nakshi kidogo. Ya jioni ina manyoya mbele na kilemba cha fedha juu. Katikati yake kuna ile iliyochanganya, ngozi na manyoya bila fedha nyingi. Kwa ibada ya kawaida na kwa mazishi, ngozi tupu inatosha. Manyoya yabaki kwa ajili ya harusi na karamu.

Soksi ni ndefu, hufika chini ya goti na kukunjwa juu. Maduka ya kukodisha hupenda kutoa za rangi ya maziwa kwa sababu zinakwenda na kila tartani, ila wenye kujua huziona kama alama ya vazi la kukodi. Kwa kanisani, kijani kilichokolea, kijivu, bluu nyeusi au rangi ya damu ya mzee ni salama zaidi. Chini ya mkunjo hutokeza vitambaa viwili vidogo vya rangi vilivyoshonwa kwenye mpira wa soksi, na hapo ndipo mvaaji anaruhusiwa kuchangamka kidogo.

Viatu huwa vyeusi, vya ngozi, vilivyopigwa kiwi. Wapo wanaopenda vile visivyo na ulimi, ambavyo kamba zake ndefu huzungushwa kwenye kifundo cha mguu. Hivyo ni vya sherehe. Jumapili ya kawaida, kiatu cheusi cha ofisini hakimwaibishi mtu.

Ipo pia pini ya kilti, inayochomekwa kwenye kona ya chini ya kitambaa cha mbele. Huchomwa tabaka la juu tu. Anayechoma tabaka zote mbili huifanya kilti ikaze anapotembea, na mwisho wake ni kitambaa kuchanika.

Kisu mlangoni mwa kanisa

Mgeni anapoona mpini mweusi ukichungulia kwenye soksi ya kulia ya mwanamume anayeingia kanisani, hushtuka. Ni kisu kidogo, sehemu ya vazi la asili. Sheria za Uingereza na za Uskoti, zinazokataza kubeba visu hadharani, zimetaja vazi la taifa kuwa mojawapo ya sababu zinazokubalika.

Hata hivyo, kinachokubalika kisheria hakimlazimu mtu. Wapo wanaokiacha nyumbani siku ya ibada, na wapo wanaonunua cha bandia chenye mpini tu, hakuna chuma ndani. Kwa msafiri, jibu ni moja: kisu hakiingii na mizigo ya mkononi kwenye ndege, vazi la taifa au la. Kipelekwe kwenye mzigo unaokaguliwa, au kinunuliwe huko huko.

Kofia nayo ina kanuni yake. Kofia za Kiskoti, zenye kishada juu au utepe nyuma, huvuliwa mlangoni kama kofia nyingine zozote za wanaume.

Jumapili, harusi na msiba

Jumapili nyingi, wanaume wengi wa Uskoti huenda kanisani na suruali kama watu wengine. Kilti hutolewa kabatini kwa siku zenye uzito: ubatizo, harusi, mazishi, sikukuu ya Mtakatifu Andrea tarehe 30 Novemba, na Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani.

Harusini sheria za zamani zimelegea. Koti la Prince Charlie, lililokuwa la usiku, sasa huonekana madhabahuni saa nane mchana, na hakuna anayelalamika isipokuwa wazee wachache. Mgeni mwalikwa anachotakiwa kuangalia ni kutompita bwana harusi. Kama bwana harusi na wasimamizi wake wamevaa manyoya na fedha, mgeni mwenye koti la mchana na ngozi tupu amewapa nafasi yao.

Msibani mambo hugeuka. Koti jeusi lisilong'aa au la kijivu kilichokolea, tai nyeusi ndefu, soksi nyeusi au za kijivu, mkoba wa ngozi tupu, na kisu kikae nyumbani. Kilti haibadiliki hata kama tartani yake ni nyekundu inayowaka. Ikiwa ndiyo ya ukoo, inavaliwa hivyo hivyo, na weusi wa vitu vingine huizima. Asiye na ukoo anaweza kuchagua tartani ya Black Watch, ya kijani na bluu iliyokolea, ambayo ni tulivu na huvaliwa na yeyote.

Kuna na adabu ya kukaa. Kabla ya kuketi kwenye benchi, mvaaji hupitisha kiganja nyuma ili marinda yalale, la sivyo atasimama kwa wimbo wa pili yakiwa yamekunjamana kama karatasi. Akishakaa, magoti hayaachani sana na mkoba hulala katikati. Wanawake wa huku wanaovaa sketi za marinda hawahitaji kufundishwa hilo.

Vazi lililowahi kuwa kosa la jinai

Uzito wa yote haya una historia nyuma yake. Baada ya uasi wa watu wa nyanda za juu kushindwa mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopiga marufuku mavazi yao kuanzia Agosti 1747. Aliyekamatwa na kilti mara ya kwanza alifungwa miezi 6, na mara ya pili alihamishiwa ng'ambo kwa miaka 7. Walioruhusiwa ni askari wa jeshi la mfalme tu. Sheria hiyo ilidumu hadi 1782.

Wapo waliokua bila vazi la baba zao. Liliporudi, lilirudi limebadilika, likiwa vazi la heshima na la matajiri. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh akiwa na kilti, katika shamrashamra zilizopangwa na mwandishi Walter Scott, na kuanzia hapo tartani ikawa biashara kubwa. Viwanda vilifuma na koo zikachagua michoro yao. Leo Uskoti ina rejista ya serikali ya tartani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Huko Marekani na Kanada, makanisa mengi yenye asili ya Uskoti hufanya ibada maalumu ambapo tartani za koo hubarikiwa. Husimuliwa kwamba desturi hiyo ilianza enzi za marufuku, watu wakificha vipande vya kitambaa kifuani ili vibarikiwe kwa siri. Ni hadithi tamu, lakini ibada hiyo ilianzishwa na mchungaji Peter Marshall, mzaliwa wa Uskoti, jijini Washington wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa lengo la kuchangia waathiriwa wa vita Uingereza. Marshall baadaye alikuwa kasisi wa Seneti ya Marekani.

Uskoti iliyoko Kikuyu

Afrika Mashariki ina undugu wake na makanisa hayo. Wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo Kibwezi mwaka 1891, wakahamia nchi ya Wakikuyu mwaka 1898. Kutokana na kazi yao lilizaliwa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, PCEA. Jina la Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, husemwa kuwa ni neno Scot lililopita kwenye ndimi za wenyeji. Na kundi la vijana la Boys' Brigade, linalojulikana vyema na waumini wa PCEA kwa sare na gwaride lake, lilianzishwa Glasgow mwaka 1883.

Kilti haikushika mizizi huku, lakini kanuni yake inaishi Kampala. Mganda anapokwenda kanisani kwa ndoa huvaa kanzu, na juu yake koti. Kanzu ni nyeupe na ndefu, na mara nyingi ni ile ile ya siku zote. Koti, kiatu na nakshi ya kifuani ndivyo huonyesha kama ni siku ya kawaida au ya arusi. Muuza kanzu mwerevu wa Kampala haachi mteja atoke na kanzu pekee. Muuza kilti wa Edinburgh naye hufanya vivyo hivyo.

Nani anaruhusiwa kuivaa

Hakuna sheria inayomzuia Mwafrika, Mhindi au Mwingereza kuvaa kilti, na Waskoti wengi hufurahi mgeni anapoivaa vizuri. Tartani chache ndizo zenye wenyewe. Ile ya Balmoral, iliyobuniwa na Prince Albert mwaka 1853, ni ya familia ya kifalme. Nyingi nyingine ziko wazi. Ipo hata tartani inayohusishwa na makasisi, ambayo wachungaji wengine huivaa.

Kwa anayealikwa mara moja, kukodi ni busara kuliko kununua. Maduka ya kukodisha hutoa seti nzima kuanzia koti hadi viatu. Mwalikwa aseme mapema kwamba ni ibada ya mchana, ataje kama ni harusi au msiba, na aombe soksi za rangi iliyokolea. Akinyamaza, atapewa ya dansi.

Kwa anayetaka kuuza au kununua

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kilti za bei rahisi zinazojaa kwenye maduka ya watalii Edinburgh nyingi hazikufumwa Uskoti, na mji wa Sialkot nchini Pakistan ni maarufu kwa kutengeneza kilti na bagipaipu za kuuza nje. Si lazima ziwe mbaya, lakini mnunuzi ajue anacholipia. Mambo machache humlinda.

Kwanza, nyuzi. Chomoa uzi mmoja wa ndani na uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Pili, ukingo wa chini. Kilti nzuri haina upindo uliokunjwa na kushonwa. Chini yake ni ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka kwenye mtambo. Ukiona upindo, ujue ni sketi ya kawaida au kilti iliyofupishwa.

Tatu, marinda. Yafunue: yawe na kina, na mchoro nyuma uendelee bila kuvunjika. Machache na membamba maana yake kitambaa kilibanwa.

Nne, forodha. Mikoba mingi ya jioni, hasa ya zamani, ni ya ngozi ya sili. Marekani imezuia kuingizwa kwa bidhaa za mnyama huyo tangu sheria ya mwaka 1972, na Umoja wa Ulaya ulipitisha vizuizi vyake mwaka 2009. Mkoba wa namna hiyo unaweza kuishia mikononi mwa ofisa wa mpakani. Wa ngozi ya ng'ombe hauna tatizo hilo, na kama ilivyoelezwa, ndio unaofaa kanisani.

Tano, ghala. Sufu ni chakula cha nondo. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, mzigo usiofungwa vizuri huliwa miezi michache tu. Kilti isafishwe, ikauke kabisa, ndipo ifungwe kwenye mfuko wa nguo.

Mafundi wa Gikomba, Owino na Karume wanayo fursa ambayo huenda hawajaiona. Koti la twidi la mtumba, linalouzwa kwa bei ndogo kwa sababu ni la baridi, likifupishwa, likapindwa mbele na kubadilishwa vifungo, huwa koti la kilti la mchana. Ughaibuni wapo washonaji wanaoishi kwa kazi hiyo. Anayemjua mteja Glasgow, na fundi anayejua kukata, ana sehemu mbili za biashara tayari. Ya tatu ni kujua kwamba koti hilo linakwenda kanisani, kwa hiyo lising'ae.